Kupambanua Istilahi za Bima ya Afya

Utangulizi

Miongoni mwa nyanja zilizoingiza maneno mengi katika Kiswahili cha ofisini kwa miaka ya karibuni, bima ya afya haiwezi kusahauliwa. Mwananchi hukutana na maneno mchango, fao, kitita, mtegemezi, ukomo na rufaa katika fomu, katika vijitabu vya maelezo, katika matangazo ya redio na kwenye dirisha la hospitali. Mengi ya maneno hayo si mageni masikioni mwake. Yamekuwamo katika lugha tangu zamani, na ugeni wake umo katika kazi mpya yaliyopewa. Neno la kawaida linapotwaliwa likapewa maana maalumu, msomaji huendelea kulisoma kwa maana aliyoizoea. Hapo ndipo kutoelewana kunapoanza, na katika jambo hili kutoelewana hulipiwa fedha taslimu, tena na mtu aliye mgonjwa.

Katika makala haya tunakusudia kuzieleza istilahi kuu za bima ya afya, kuonyesha zile zinazogongana, na kupendekeza namna ya kuzitenganisha. Hoja yetu ni moja. Mtu anayetakiwa kuchagua mpango mmoja wa bima kati ya miwili au mitatu hawezi kuilinganisha, hata akipewa tarakimu zote, iwapo neno moja linasimamia dhana mbili katika mpango mmoja, au dhana moja imepewa maneno mawili katika mipango tofauti. Kwa hiyo mfasiri wa kijitabu cha bima anashika sehemu ya uamuzi wa mwananchi mkononi mwake.

Historia fupi ya neno na jambo lenyewe

Neno bima lina asili ya Kiajemi, na limo pia katika lugha za Bara Hindi kama Kihindi na Kigujarati. Kwa muda mrefu watumiaji wa Kiswahili walilihusisha na mali: shehena ya meli, nyumba, duka, gari; baadaye likahusishwa na maisha. Nchini Tanzania, Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lilikabidhiwa biashara ya bima baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Lakini ugonjwa haukupata nafasi kubwa katika msamiati huo, kwa kuwa matibabu katika hospitali na zahanati za Serikali yaligharimiwa kwa kiasi kikubwa na Serikali yenyewe. Jambo lisilolipiwa na mgonjwa halikuhitaji maneno ya kupambanua malipo yake.

Hali ilibadilika mwaka 1993, utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama ulipoanza kuingizwa kwa awamu katika hospitali za Serikali. Mwaka 1996 jaribio la Mfuko wa Afya ya Jamii lilianza katika Wilaya ya Igunga. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilitungwa mwaka 1999, na Mfuko huo ukaanza kazi mwaka 2001, mwaka ambao pia ilitungwa Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Kenya ilitangulia. Mfuko wake wa kitaifa wa bima ya hospitali uliundwa mwaka 1966, ukadumu hadi sheria mpya ya mwaka 2023 ilipoubadilisha. Na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ikaanza kuuchukulia nafasi.

Tukiitazama miaka hiyo, twaona kwamba katika Tanzania istilahi nyingi za nyanja hii zilizaliwa ndani ya muda mfupi, kati ya mwaka 1993 na 2001, tena katika ofisi mbalimbali. Haishangazi basi kwamba baadhi yake zinagongana.

Mfuko, hazina na jamii

Tuanze na majina ya vyombo vyenyewe, maana hapo ndipo msomaji anayevuka mpaka hupotea kwanza. Chombo cha kukusanya na kutunza michango huitwa mfuko nchini Tanzania, ilhali magazeti ya Kenya hupenda kukiita hazina. Mtanzania akisoma kwamba michango imepelekwa Hazina hufikiri juu ya idara ya Serikali inayotunza fedha za umma, na huenda akadhani kwamba mchango wake umekuwa kodi. Kwa maandishi yatakayosomwa pande zote mbili, neno mfuko lina usalama zaidi.

Neno jamii lina utata mkubwa zaidi. Nchini Tanzania, Mfuko wa Afya ya Jamii ulikuwa mpango wa hiari wa wilaya, uliojengwa juu ya kaya. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita katika mikoa mingi ilitakiwa kuchangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Nchini Kenya, bima ya afya ya jamii ni mpango wa lazima wa nchi nzima. Sababu ya mgongano huu ni kwamba Kiingereza kina maneno mawili, moja la watu wa mahali pamoja wanaojuana, na jingine la umma mzima wa nchi, na yote mawili tumeyafasiri kwa neno jamii. Twapendekeza mfasiri anapokutana na dhana hizi katika maandishi mapya aandike bima ya kijamii kwa ule mpango wa umma mzima ambamo mwenye nacho humsaidia asiye nacho, na mfuko wa wenyeji au mfuko wa kaya kwa ule wa mahali. Majina rasmi yaliyokwisha kuwekwa na sheria yaachwe kama yalivyo, lakini yafuatwe na maelezo ya sentensi moja.

Aidha, maneno lazima na hiari hayana budi kutajwa waziwazi kila mpango unapoelezwa, kwa kuwa yana uzito wa kiuchumi. Bima husimama juu ya wingi wa watu wazima wa afya wanaochangia gharama za wachache wanaougua mwaka huo. Mpango ukiwa wa hiari, mwenye afya husitasita na mgonjwa huharakisha kujiunga. Mfuko hubaki na wagonjwa peke yao, michango hupandishwa, na wenye afya waliokuwamo nao hutoka. Sheria ya bima ya ugonjwa ya Ujerumani ya mwaka 1883, ambayo ndiyo chimbuko la mifuko mingi ya namna hii duniani, iliwalazimisha wafanyakazi wa viwandani kujiunga. Mfanyakazi akalipa theluthi mbili za mchango na mwajiri theluthi moja.

Maneno ya malipo

Hili ndilo eneo lenye madhara makubwa kwa mwananchi. Kitenzi changa na kauli yake ya changia vimebebeshwa mizigo mingi kupita kiasi. Mtumishi husema, “Nachangia bima,” yaani hukatwa mshahara kila mwezi. Mgonjwa asiye na bima husema, “Nimechangia hospitali,” yaani amelipa sehemu ya gharama dirishani. Mwenye bima ambaye mpango wake haulipi gharama yote naye huambiwa, “Utachangia kidogo.” Hizi ni dhana tatu. Mtu aliyeambiwa kwamba akichangia atatibiwa ana haki ya kushangaa anapoombwa kuchangia tena mbele ya dirisha la dawa. Twapendekeza mgawanyo ufuatao:

(a) Mchango. Neno hili libaki kwa fedha inayolipwa kwenye mfuko wa umma kabla ya ugonjwa, ama kwa kukatwa mshahara ama kwa kaya kulipa kwa mwaka. Kiasi chake hufuata kipato au hupangwa na sheria.

(b) Ada ya bima. Hii ni fedha inayolipwa kwa kampuni ya bima kwa mkataba wa muda maalumu, mara nyingi mwaka mmoja. Kiasi chake huweza kufuata umri wa mtu na hatari ya kuugua. Mchango na ada hufanana kwa kuwa vyote hulipwa kabla, lakini msingi wa hesabu zake ni mbali mbali.

(c) Uchangiaji wa gharama. Istilahi hii ibaki kwa utaratibu ule ulioanza mwaka 1993, wa mgonjwa asiye na bima kulipa sehemu ya gharama katika hospitali ya Serikali.

(d) Fungu la mgonjwa. Hii ni sehemu ya gharama ambayo mwenye bima hulipa mwenyewe kila anapotibiwa. Huweza kuwa kiasi maalumu, kama shilingi 5,000 kwa kila ziara, au asilimia ya gharama. Kijitabu hakina budi kusema ni ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu shilingi 5,000 hazibadiliki, ilhali asilimia 20 ya upasuaji ni fedha nyingi.

(e) Gharama tangulizi. Katika baadhi ya mipango ya kampuni, mwenye bima hubeba mwenyewe gharama zote za matibabu za mwaka mpaka zifikie kiasi fulani, ndipo bima ianze kulipa. Baadhi ya wafasiri hutumia malipo ya awali, lakini maneno hayo hueleweka zaidi kuwa ni fedha ya kutanguliza kabla ya kununua kitu kwa mafungu. Mtu akiyasoma hudhani kwamba anaipa kampuni fedha, kumbe analipa hospitali. Gharama tangulizi inaonyesha kwamba ni gharama, na kwamba inatangulia wajibu wa kampuni.

Hapa yafaa tuliseme pia neno bure. Lisitumike kwa huduma ya bima, kwa kuwa huduma hiyo imekwisha kulipiwa. Likitumika, mwanachama hujiona anayefadhiliwa na hushindwa kudai haki yake; naye mtoa huduma huweza kumwona hivyo hivyo. Neno la kumwelezea mtu ambaye sheria au sera imemwondolea malipo, kama mtoto wa chini ya miaka mitano au mzee asiye na uwezo, ni msamaha. Hivyo tuna hali tatu zisizopaswa kuchanganywa: aliyelipiwa kwa bima, aliyesamehewa, na anayechangia gharama.

Asilimia ya nini?

Tarakimu nazo zina istilahi zake. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka mchango wa mtumishi kuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikilipwa na mwajiri na nusu na mwajiriwa. Utaratibu wa Kenya ulioanza Oktoba 2024 uliweka asilimia 2.75. Msomaji wa haraka atasema kwamba mchango wa Kenya haufiki hata nusu ya ule wa Tanzania. Lakini kwanza, katika ile asilimia 6 mtumishi hukatwa 3 tu. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 za Tanzania hukatwa shilingi 18,000, na mwajiri huongeza 18,000 nyingine. Katika ile 2.75 mwajiri haongezi nusu yake. Mwenye mshahara wa shilingi 40,000 za Kenya hukatwa shilingi 1,100 zote mwenyewe. Pili, hakuna budi kuuliza asilimia hiyo ni ya kitu gani. Nchini Kenya ni ya mshahara ghafi, yaani mshahara pamoja na posho kabla ya makato yoyote. Kwa asiye na mshahara hukisiwa kutokana na kipato cha kaya, na haishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Kwa hiyo mfasiri asiandike “asilimia ya mshahara” akanyamaza. Aandike mshahara wa msingi, mshahara ghafi au kipato cha kaya, kadiri sheria inavyosema. Aidha ataje nani analipa na kwa ajili ya watu wangapi.

Maneno ya manufaa

Fidia ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kitu kinachotolewa ili kumkomboa mtu. Katika bima ya mali ni fedha anayolipwa mtu baada ya kupata hasara. Katika bima ya afya, mara nyingi mwanachama hapokei fedha. Hupokea matibabu, na hospitali ndiyo inayolipwa. Manufaa hayo tumezoea kuyaita mafao, na umoja wake fao, kutokana na kitenzi faa. Twapendekeza tofauti hiyo ilindwe. Mpango unaomtaka mgonjwa alipe kwanza, atunze stakabadhi, kisha arudishiwe, uelezwe kuwa ni wa kurudishiwa gharama. Mpango unaomwezesha kutibiwa kwa kuonyesha kadi uelezwe kuwa ni wa matibabu kwa kadi. Kwa mtu asiye na akiba nyumbani, tofauti ya mipango hiyo miwili ni kubwa kuliko tofauti ya ada zake.

Kitita cha mafao ni istilahi iliyofanikiwa. Kitita ni vitu vilivyofungwa pamoja, na picha hiyo inaeleza vizuri kwamba mwanachama hanunui kila tiba iliyopo duniani. Hununua fungu lililokwisha kufungwa, lenye vitu vinavyohesabika. Kilicho nje ya kamba si chake. Swali la kwanza kuhusu mpango wowote ni hili: ndani ya kitita mna nini? Je, mna dawa za magonjwa ya muda mrefu, kama kisukari na shinikizo la damu? Mna miwani, meno, usafishaji wa damu kwa mwenye figo zilizoshindwa kazi? Orodha ya visivyomo iitwe kwa jina lake la wazi, yaani huduma zisizogharimiwa, na iandikwe kwa herufi zenye ukubwa sawa na orodha ya vilivyomo.

Dai, kwa wingi madai, ni ombi la malipo linalopelekwa kwa mfuko na hospitali au na mwanachama. Kwa kuwa neno hilo pia humaanisha jambo linalosemwa bila kuthibitishwa, sentensi kama “madai ya mgonjwa yanachunguzwa” huweza kumfanya mgonjwa aonekane mwongo. Ni afadhali kuandika madai ya malipo.

Ukomo, kusubiri na rufaa

Ukomo humaanisha mwisho wa jambo. Lakini mwisho wa nani? Kuna mipango inayosema kwamba mfuko hautalipa zaidi ya kiasi fulani kwa mwaka. Kikifika, mgonjwa hubeba kilichozidi. Na kuna mipango inayosema kwamba mgonjwa hatalipa zaidi ya kiasi fulani kwa mwaka. Kikifika, mfuko hubeba kilichozidi. Ukomo wa kwanza unaulinda mfuko, wa pili unamlinda mgonjwa, na kila mmoja ni kinyume cha mwenziwe. Vijitabu vinavyoandika “ukomo: shilingi 2,000,000” bila kuongeza neno vinamwachia msomaji abahatishe. Twapendekeza ukomo wa mfuko na ukomo wa mgonjwa.

Muda wa kusubiri ni kipindi baada ya kujiunga ambacho mwanachama amekwisha kulipa lakini baadhi ya mafao hayajafunguliwa, hasa uzazi na upasuaji usio wa dharura. Makampuni huweka kipindi hiki kwa sababu ile ile tuliyoitaja, ya watu kungoja mpaka wahitaji tiba ndipo wajiunge. Sababu hiyo yaeleweka. Kosa ni kuificha mwishoni mwa mkataba.

Rufaa, lenye asili ya kitenzi cha Kiarabu cha kuinua, lina kazi mbili katika nyanja hii. Mgonjwa hupewa rufaa kutoka zahanati kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na kutoka huko kwenda hospitali ya mkoa, ya kanda au ya taifa. Katika mipango mingi, mtu akiruka ngazi bila barua ya rufaa, na pasipo dharura, huweza kujikuta akilipa mwenyewe. Kwa upande mwingine, mwanachama ambaye madai yake yamekataliwa hukata rufaa kama afanyavyo mtu mahakamani. Kwa kuwa hatua hizi mbili hutukia kwa mtu yule yule, twapendekeza rufaa ya matibabu kwa ya kwanza na rufaa ya malalamiko kwa ya pili.

Maneno ya watu

Mwanachama ni yule ambaye jina lake limeandikwa na ambaye mchango hutolewa kwa ajili yake. Mtegemezi ni mtu aliyeandikishwa chini ya mwanachama. Mnufaika ni yeyote kati yao mwenye haki ya kutibiwa. Kwa hiyo kila mwanachama na kila mtegemezi ni mnufaika, lakini si kila mnufaika ni mwanachama. Hesabu za wanachama na za wanufaika hazilingani, na mwandishi wa taarifa asizibadilishane.

Neno mtegemezi lina tatizo la kitamaduni zaidi kuliko la kisarufi. Katika maisha yetu mtegemezi ni mama mzazi, ni mtoto wa ndugu aliyefariki, ni shemeji anayesoma. Katika sheria ni orodha fupi: mwenza, watoto walio chini ya umri uliotajwa, na pengine wazazi, kwa idadi yenye mpaka. Mwanachama anayesoma “wategemezi wako watatibiwa” humhesabu mpwa wake anayelala chini ya paa lake. Kijitabu kinachotumia neno mtegemezi hakina budi kuwataja wanaokusudiwa mmoja mmoja, papo hapo neno linapojitokeza kwa mara ya kwanza.

Mfano wa hesabu

Ili kuonyesha jinsi istilahi hizi zinavyofanya kazi kwa pamoja, tubuni mipango miwili.

Mpango wa Kwanza: ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka. Hakuna gharama tangulizi. Fungu la mgonjwa ni asilimia 10. Ukomo wa mfuko ni shilingi 2,000,000 kwa mwaka. Hakuna muda wa kusubiri.

Mpango wa Pili: ada ni shilingi 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka. Gharama tangulizi ni shilingi 100,000. Fungu la mgonjwa ni asilimia 20 ya kinachobaki. Ukomo wa mfuko ni shilingi 5,000,000 kwa mwaka. Muda wa kusubiri kwa uzazi ni miezi 10.

Sasa tuwatazame watu watatu.

Mtu wa kwanza anaugua malaria na kikohozi tu. Gharama za mwaka ni shilingi 80,000. Katika Mpango wa Kwanza atalipa fungu la shilingi 8,000, na pamoja na ada jumla ni 488,000. Katika Mpango wa Pili gharama zote zimo ndani ya gharama tangulizi, hivyo atalipa 80,000 zote. Pamoja na ada jumla ni 380,000.

Mtu wa pili anapata ajali na kufanyiwa upasuaji wa shilingi 4,000,000. Katika Mpango wa Kwanza asilimia 90 ingekuwa 3,600,000, lakini mfuko unakoma kwenye 2,000,000. Mgonjwa anabeba 2,000,000 zilizobaki. Pamoja na ada jumla ni 2,480,000. Katika Mpango wa Pili anabeba 100,000 za kwanza na asilimia 20 ya 3,900,000, yaani 780,000. Pamoja na ada jumla ni 1,180,000.

Mtu wa tatu ni mama aliyejiunga akiwa na mimba ya miezi mitatu, akajifungua kwa upasuaji wa shilingi 900,000. Katika Mpango wa Kwanza atalipa fungu la 90,000. Pamoja na ada ya mwaka jumla ni 570,000. Katika Mpango wa Pili muda wa kusubiri haujaisha, hivyo atalipa 900,000 zote, na pamoja na ada jumla ni 1,200,000.

Mpango wa Pili umekuwa nafuu kwa wawili na ghali sana kwa mmoja. Aliyesoma ada peke yake angeuchagua, na yule mama angeumia. Aliyevutiwa na fungu dogo la asilimia 10 angechagua Mpango wa Kwanza, na yule majeruhi angeumia. Hakuna mpango ulio bora kwa watu wote. Kuna mpango unaomfaa mtu fulani mwenye hali fulani, naye hawezi kuutambua asipoyapata maneno yote matano: ada, gharama tangulizi, fungu la mgonjwa, ukomo na muda wa kusubiri, kila moja likiwa na maana moja tu.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo, twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wanaoandika au kueleza habari za bima wazingatie yafuatayo:

(1) Neno moja litumike kwa dhana moja toka mwanzo hadi mwisho wa kijitabu. Mwandishi aliyefundishwa kukwepa kurudia maneno aiweke kando tabia hiyo hapa. Anayeandika ada ukurasa wa pili na mchango ukurasa wa tatu kwa jambo lile lile amemfanya msomaji ahesabu malipo mawili.

(2) Kila kiasi kitajwe pamoja na anayelipa, kipindi cha malipo na msingi wa hesabu.

(3) Kila istilahi ifasiliwe mahali inapotokea kwanza, kwa sentensi fupi na mfano wa shilingi.

(4) Walimu wa hisabati na wa Kiswahili katika shule za sekondari watumie mifano kama hii tuliyoitoa. Mwanafunzi anayejua asilimia bila kujua fungu la mgonjwa amepata nusu ya somo.

(5) Mtumishi wa dirishani asiridhike na jibu “ndiyo, nimeelewa.” Amwombe mwananchi aeleze kwa maneno yake atalipa nini siku atakayougua. Jibu litamwonyesha kama neno limefika.

Hitimisho

Bima ya afya ni ahadi iliyoandikwa. Anayeitoa huijua lugha yake vizuri kwa kuwa ndiye aliyeiandika; anayeipokea hana chombo kingine cha kuipima isipokuwa maneno. Katika nchi ambamo sheria inakusudia kumfikisha kila mtu kwenye bima, mkulima wa pamba na mchuuzi wa samaki watatia sahihi karatasi zilezile anazotia sahihi katibu tarafa. Kiswahili kinazo nyenzo za kuwahudumia wote hao: mchango, ada, fungu, kitita, ukomo, rufaa ni maneno yanayoeleweka. Yanayohitajika sasa ni mipaka baina yake, na kuilinda mipaka hiyo ni kazi yetu sote tunaoshika kalamu.